Mfereji Mdogo wa Sikio

Nyuma ya pua, juu ya koo, huanza mfereji mwembamba uendao mpaka ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 3.5. Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia, aliueleza katika karne ya 16. Tumezapo mate hufunguka, hewa ya ndani ikalingana na ya nje.

Kwa mtoto mchanga mfereji huu ni mfupi tena umelala. Kwa hiyo ugonjwa wa mafua hupanda upesi sikioni, usaha ukatunga na kiwambo kikatoboka. Basi, wazazi wa Masalani na kandokando ya Mto Tana, mtoto akitokwa na usaha msimtie mafuta wala maziwa sikioni. Mpelekeni hospitali mapema, asije akawa kiziwi.