Likizo ya Nani? Safari Yangu ya Kisii na Nyamira

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani twawajua wamishenari kwa likizo zao. Kila Desemba twawaona wakishuka Kikambala, ambako Baraza la Makanisa lina nyumba zake za wageni pale Kanamai, au wakivuka Likoni kwenda Diani. Watoto wao wamebabuka kwa jua, na wao wenyewe hununua madafu bila ya kuuliza bei. Tukiwaona hivyo husema, “Hawa kazi yao ni kustarehe.” Nami nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo.

Baada ya Idi Kubwa nilifunga safari ya Kisii kumtembelea binamu yangu, mwenye duka la nguo huko. Kijana anayetusaidia dukani kwetu Mombasa ni mtu wa Nyamira. Alinipa doti ya kanga na bahasha ya pesa, akasema, “Bwana, nakuomba unifikishie kwa mama.” Nikavitia mkobani, wala sikufikiri zaidi.

Kutoka Nairobi basi lilipita Narok, Bomet na Sotik. Tulipofika Keroka baridi ilikuwa imekwisha niingia mifupani. Huko ni vilima juu ya vilima, migomba na majani ya chai, wala hupati kiwanja kitupu cha kutandika jamvi. Niliwasili mjini Kisii Ijumaa, nikaswali Magharibi na binamu yangu. Tulipotoka msikitini aliniambia, “Kama una haja ya kitu dukani, nunua sasa. Kesho maduka mengi hayafunguliwi.”

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimeingia nchi ya Wasabato. Sabato yao huanza Ijumaa jua likitua, ikaisha Jumamosi jua likitua. Jambo hili halikunishangaza, maana nasi twaijua hesabu hiyo: usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa. Tena wenye kushika dini yao barabara hawali nguruwe wala hawanywi pombe, na mgeni Mwislamu hukaa nao bila taabu kubwa.

WALIVYOFIKA

Wasabato walianza kazi yao mwaka 1906 huko Gendia, karibu na Ziwa. Waliotangulia ni Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 walikuwa wamekwisha panda vilima hadi Nyanchwa, na Wakatoliki wakawa Nyabururu. Mwaka 1948 Walutheri wa Sweden nao walifika Itierio.

Safari za siku zile hazikuwa mchezo. Mtu alishuka melini hapa hapa Mombasa, akapanda gari la moshi, ambalo lilikuwa limefika Kisumu mwaka 1901, kisha akavuka Ziwa kwa chombo, na vilima akavipanda kwa miguu. Kurudi kwao kupumzika kulikuwa jambo la kungojewa miaka. Siku hizi mtu huondoka Ulaya au Marekani leo, na keshokutwa yuko Nyamira akichanganya saruji.

Jumapili asubuhi nilikwenda Nyamira na mzigo wangu. Mama wa kijana wetu sikumkuta nyumbani. Jirani alinielekeza kwenye misheni moja, ambako yeye hupikia wageni. Nilimkuta jikoni akifunga chapati kwenye karatasi. Nje walikuwako vijana wa Kimarekani wapatao kumi. Walikuwa wamemaliza wiki tatu za kujenga darasa, na sasa walikuwa wakipakia mizigo garini kwenda kutazama wanyama Maasai Mara, ambako si mbali na Kisii kwa njia ya Kilgoris.

Mzee wao alikuwa bibi mmoja mwuguzi, mwaka wa tisa yuko huko, na Kiswahili chake kilitosha. Nilimwuliza kwa mzaha kama hii ndiyo kazi ya Mungu, kutazama simba. Hakukasirika. Alisema, “Mwaka wangu wa kwanza nilikataa likizo. Niliona haya kupumzika na wagonjwa wako mlangoni. Mwezi wa kumi nilianguka mimi mwenyewe, wagonjwa wakaniuguza. Tangu hapo kila mwaka naja kwenu baharini siku kumi na nne.” Nikakumbuka yale madafu, nikanyamaza.

SWALI LA MAMA

Gari lilipoondoka, mama alinikaribisha ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. (Wimbi hili, msomaji, si la baharini, ni ulezi.) Nikampa kanga na bahasha. Kanga aliitazama pande zote, bahasha hakuifungua.

“Mwanangu hajambo?”

“Hajambo, mama. Ni kijana mwema, twamtegemea.”

“Nashukuru. Na wewe, baba, umekuja kwa kazi?”

“La, mama. Niko likizo.”

Alikoroga moto kidogo, kisha akasema kwa upole, “Wale wazungu wako likizo. Wewe pia uko likizo. Mwanangu je, yeye likizo yake ni lini? Huu ni mwaka wa nne.”

Sikuwa na jibu. Kila Idi tulimpa kanzu mpya na pilau, tukajiona tumemtendea wema. Kumbe Idi ni sikukuu yetu sisi, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akibeba masinia na kuosha sufuria. Desemba wenziwe walipopanda mabasi kwenda kwao, sisi tulimwambia, “Ngoja kidogo, sasa ndio msimu wa biashara.” Wale niliowacheka kwa kustarehe walijua kwamba mtumishi ni mtu na huchoka. Mimi nilijua mambo hayo kwa nafsi yangu tu.

Hata hivyo nao si malaika. Nilimwuliza mama kama yeye hupewa mapumziko na misheni. Akacheka. “Wageni wakiondoka, ndio napumzika. Naenda kupalilia shamba.” Bahari hajapata kuiona maisha yake.

Nilirudi Mombasa siku ya Alhamisi. Usiku wa Jumapili nilimsindikiza kijana wetu kituo cha basi, ana nauli mkononi na siku ishirini na moja za kwenda kumwona mamake. Asubuhi yake nilifungua duka mwenyewe, nikafagia, nikateremsha majora, nikachota maji. Ilipofika adhuhuri mgongo ulikuwa umenishika, na siku ishirini zilikuwa zimebaki.

Msomaji, Idi nyingine yaja inshallah. Hebu tazama jikoni mwako na dukani mwako kabla haijafika. Mwulize aliyemo humo mara ya mwisho alimwona mamake lini.