Kishikwambi kinalaumiwa, mapumziko yanasahauliwa

Mtoto anayeanza kutoona mbali hasemi kwamba haoni. Atajuaje, ikiwa hajawahi kuona kwa macho ya mwenzake? Anafinya macho, anachungulia daftari la jirani, anaruka nusu ya sentensi iliyoandikwa ubaoni. Mwisho wa muhula ripoti inaletwa nyumbani: mzembe, hafuatilii masomo.

Siku hizi mzazi akiambiwa mwanawe anahitaji miwani, lawama zote ni za kishikwambi. Lawama hiyo ina msingi, lakini haimalizi habari. Taiwan ilianza kupima macho ya wanafunzi wake kitaifa mwaka 1983. Wakati huo, kati ya watoto 100 wa miaka 7, wasioona mbali hawakufika 6. Kufikia mwaka 2000 walikuwa 21, na vishikwambi tunavyovijua leo vilikuwa bado havijaingia madukani. Kilichokuwapo ni vitabu, masomo ya ziada na kushinda ndani kutwa.

Jicho la mtoto hurefuka kadiri anavyokua. Likirefuka kupita kiasi, taswira ya kitu cha mbali inaishia kabla ya kuifikia retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na maandishi ya ubaoni yanakuwa ukungu. Ziada ya milimita moja tu inatosha kumvalisha mtu miwani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe dopamini, kemikali inayozuia jicho lisirefuke ovyo. Darasani, hata taa zikiwaka, mwanga huwa mamia tu ya laksi, kipimo cha mwanga. Nje juani hupita 10,000, na kivuli cha mwembe nacho kinalishinda darasa kwa mbali.

Daktari wa macho Pei-Chang Wu alilipima jambo hili jijini Kaohsiung, Taiwan. Katika shule moja, watoto wa miaka 7 hadi 11 walihimizwa watoke nje kila mapumziko. Shule ya pili iliendelea na mazoea yake. Baada ya mwaka mmoja, kati ya watoto waliokuwa wakiona vizuri mwanzoni, asilimia 8 hivi ya waliotoka nje walikuwa wameanza kutoona mbali. Kwa wenzao ilikuwa karibu 18. Hakuna dawa wala kifaa kilichonunuliwa. Mwaka 2010 Taiwan ikaanza kuzitaka shule ziwape watoto dakika 120 za nje kila siku, na hali iliyokuwa ikizidi kuwa mbaya kwa miaka mingi ikaanza kurudi nyuma.

Skrini nayo ina lake, kwa kuwa hushikwa karibu sana na uso na humzuia mtoto asitoke. China iliagiza mwaka 2018 kwamba ufundishaji kwa vifaa vya kielektroniki usizidi asilimia 30 ya muda wa masomo. Kenya, iliyoanza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza katika shule za umma, ingefaa kuwa na kipimo kama hicho. Mimi siombi mtoto asiye na maktaba anyang'anywe kishikwambi. Kinachoniuma ni mapumziko yanayoliwa na masomo ya marudio, au mtoto kufungiwa darasani kama adhabu. Yupo mtoto wa miaka 7, Nairobi au Dar es Salaam, anayechukuliwa na basi la shule alfajiri na kurudishwa magharibi. Huyo jua analiona saa ngapi?

Aliyekwisha kuanza kutoona mbali apewe miwani, tena ya namba yake kamili. Si kweli kwamba miwani huyazoeza macho uvivu, na kumpa lenzi hafifu kuliko anayohitaji hakumsaidii. Mwalimu naye anaweza kugundua mapema kwa jambo dogo: amsimamishe mtoto nyuma ya darasa, asome ubao kwa jicho moja huku la pili limefunikwa, kisha abadilishe. Kufunika ni lazima, kwa sababu jicho zima humfichia mtoto ubovu wa mwenzake.