Mvua, Hema na Jiko la Mkaa



Familia nyingi za hapa Arusha, pamoja na vikundi vya vijana wa parokia, hupenda kwenda kulala kambini wakati wa likizo. Wengine huenda kando ya Ziwa Duluti, kule Tengeru. Wengine huingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kupiga mahema upande wa Momella, chini ya Mlima Meru. Ni jambo jema, maana watoto huona twiga na nyati kwa macho yao wenyewe. Lakini likizo ya Pasaka huangukia masika, na ile ya Desemba mara nyingi huikuta mvua ya vuli. Basi anayepanga kambi na aipange pamoja na mvua.

Hatari iko wapi?

Mvua yenyewe haileti ugonjwa. Hatari ni kukaa na nguo zilizolowa. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa kavu, na upepo ukivuma huliondoa upesi zaidi. Kila tupandapo mita 1,000 mlimani, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Miriakamba, wanapolala wapandao Meru usiku wa kwanza, ni kwenye mita 2,500 hivi. Kijana aliyetoka mjini na shati jepesi atalikosa sweta lake kabla jua halijazama.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini. Watoto wadogo na wazee hupoa upesi kuliko wengine.

Dalili zake

Mwanzoni mtu hutetemeka, na vidole vyake hushindwa hata kufunga kifungo. Baadaye ulimi huwa mzito, hujikwaa, huwa mkimya na kutaka kulala tu. Mtoto aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla, ilhali bado ni wa baridi na amelegea, usifurahi ukadhani amepata nafuu. Hiyo ni dalili mbaya.

Mwondoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zote zilizolowa, mkaushe, kisha mfunike kwa blanketi kavu, kichwa pia. Mtu mzima mwenye joto na amkumbatie ndani ya blanketi hilo. Akiwa na fahamu zake na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari au uji. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Wala usimpe pombe: gongo humfanya mtu ajisikie moto, kumbe joto linatoka mwilini kupitia ngozi. Asipopata nafuu upesi, au akichanganyikiwa, mpelekeni hospitali.

Jiko lisiingie hemani

Hapa ndipo watu wema hukosea. Tuseme ni saa mbili usiku, mvua inanyesha, watoto wanne wanatetemeka hemani. Mama amemaliza kupika mtori. Mkaa bado unawaka mwekundu, hauna moshi. Anaona huruma, analiingiza jiko ndani na kufunga zipu ili joto lisitoke.

Mama huyo hakutenda kwa uzembe. Ametenda kwa upendo, lakini ameingiza kifo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hutoka hata pale moshi umekwisha na makaa yameanza kufunikwa na majivu. Hewa hiyo hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Ikiwa watu wawili au watatu wa hema moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni uchovu wa safari. Tokeni nje wote, hata kama mvua inanyesha, kisha nendeni hospitali. Na jambo hili si la kambini tu. Katika miezi ya Juni na Julai, Arusha inapokuwa na ukungu na baridi, ziko nyumba ambamo jiko hulala chumbani na watoto. Tuache desturi hiyo.

Joto la usiku litoke wapi?

Litoke kwenye nguo kavu. Kila mtu awe na seti moja ya nguo za kulalia, soksi na kofia, zitunzwe katika ndoo yenye mfuniko, zisiguswe mpaka usiku. Sweta la sufu hutia joto hata likilowa. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki. Chini ya mwili tandika godoro au mkeka mnene, maana ardhi nayo hunyonya joto. Turubai la chini ya hema lisichomoze nje ya kingo, la sivyo litakinga maji ya mvua na kuyaleta chini yenu. Kuleni chakula cha moto kabla ya kulala.

Pigeni hema mahali palipoinuka, ndani ya eneo mlilooneshwa na askari wa hifadhi. Msipige korongoni hata kama ni kukavu. Mvua ikinyesha juu mlimani, maji hushuka huku chini kukiwa hakuna tone. Aprili 2024 hapa Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni na watoto wakapoteza maisha. Tusisahau.

Wazazi, mkifunga mizigo ya kambi safari ijayo, ongezeni blanketi moja zaidi ya mlivyofikiri. Na jiko likishamaliza kupika, libaki nje kwenye mvua. Heri kuamka na jiko lililolowa kuliko kukosa mtu wa kuamka.