Mtoto siyo ng'ombe wa kunenepesha: uzito wa mtoto unaanzia shambani kwako

Leo naomba tuwaweke pembeni kidogo viwavijeshi na bei ya mbolea, tuongelee watoto wetu. Usishangae bwana shamba kuongelea uzito wa mtoto. Soma mpaka mwisho, utaona jambo hili linaanzia shambani na bandani kwako.

Miezi mitatu iliyopita nilimtembelea mama mmoja katika kata yangu kuangalia kuku wake wa mayai. Mama mchapakazi kweli. Ana kuku, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na nyuma ya nyumba kuna mipapai na miparachichi. Tukiwa tunaongea, akamtuma mtoto wake wa mwisho, ana miaka 8, alete ndoo tupu kutoka bombani. Ni hapo hapo tu, kama mita 50. Mtoto alikaa chini njiani mara moja, akafika anahema kama amepanda mlima.

Mama akacheka: "Bwana shamba, si unamuona alivyoshiba? Huyu ndiyo faida ya mradi."

Nikamuuliza, mama, huyu asubuhi anakula nini? Chai ya sukari na mandazi matatu. Shuleni? Anapewa hela, ananunua soda na chipsi. Akirudi? TV mpaka jioni, ugali mkubwa, analala. Na mayai je? "Aah, mayai ni ya biashara." Maziwa? "Yanabebwa na pikipiki saa 12 asubuhi, yote."

Mimi sikucheka. Ratiba hiyo naifahamu vizuri, ndiyo tunayotumia kunenepesha ng'ombe.

Tunavyonenepesha dume

Ukitaka dume aongezeke uzito haraka unafanya mambo mawili. Unamfungia zizini asizunguke kutafuta malisho. Halafu unampa pumba, mashudu na molasi, vyakula vyenye nguvu nyingi. Baada ya miezi mitatu hivi unampeleka mnadani. Hakuna uchawi hapo: nguvu inayoingia mwilini ni kubwa kuliko inayotumika, ile ziada inabaki mwilini.

Mwili wa mtoto nao haupotezi ziada. Kochi na TV, au simu ya baba, ndiyo zizi. Soda na juisi za paketi ndiyo molasi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko vya chai 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 8, chupa hiyo moja inakaribia kumaliza kiwango chote, na bado hujahesabu chai na biskuti.

Tofauti ni kwamba safari ya ng'ombe inaishia mnadani. Mtoto anaendelea kuubeba mwili ule. Unene uliopitiliza, wataalamu wanaita kiribatumbo, unaongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili, maumivu ya magoti na shida ya kupumua usingizini. Na mtoto mwenye kiribatumbo ana uwezekano mkubwa wa kubaki nacho ukubwani. Hapo bado hatujagusa anavyotaniwa na wenzake.

Kushiba siyo kulishwa vizuri

Wengi tunadhani hili ni tatizo la watoto wa mjini. Kijijini tumezoea kuogopa njaa, kwa hiyo mtoto mnene tunamuona ameokoka. Lakini angalia utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022: mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa hiyo hiyo inayolisha nchi. Ghala limejaa mahindi, mtoto hakui kimo. Na mtoto aliyedumaa ukimrundikia wanga, sukari na mafuta, anaweza kuongezeka upana bila kuongezeka urefu.

Mkulima wa nyanya ananielewa. Ukizidisha urea unapata majani mengi ya kijani, yanapendeza kwa macho, lakini matunda hakuna. Mmea umekula sana, haujala vizuri.

Utajuaje?

Usitumie macho tu. Mtoto wa chini ya miaka 5 mpeleke kliniki apimwe, na umwombe muuguzi akuelezee ule mchoro kwenye kadi. Mkubwa zaidi mpeleke zahanati apimwe uzito na urefu, vilinganishwe na umri wake.

Angalizo muhimu: uvimbe siyo unene. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde chache. Kishimo kikibaki, inaweza kuwa kwashakoo, yaani utapiamlo mkali. Usisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa ufanye nini?

1. Anza na kinywaji. Maji safi na maziwa ndiyo vinywaji vya kila siku. Soda iwe ya sikukuu. Tunda ale lenyewe badala ya kukamua juisi, maana ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio.

2. Toa fungu la watoto kabla ya kuuza. Kama unatenga mbegu kabla ya kuuza mahindi, tenga pia lita moja ya maziwa na mayai kadhaa ya wiki. Piga hesabu kwa bei ya kwenu: mara nyingi hela ya soda inanunua yai, na chenji inabaki.

3. Badilisha anachobeba shuleni. Kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, yai, karanga kidogo, ndizi mbivu. Vyote unavyo shambani.

4. Pakua mboga na maharage kwanza, ugali ufuate. Tumia dona badala ya sembe. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu.

5. Panda karibu na jiko. Mchicha kwenye viroba unavunwa ndani ya wiki nne hivi. Mpapai ukitunzwa unaanza kutoa ndani ya mwaka mmoja.

6. Mfungulie zizi. Mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Mpira, kamba, rede, kutembea kwenda shule. Kazi ndogo za nyumbani nazo zinasaidia, ila tusizigeuze kuwa kibarua. TV iwe na saa yake, na usiku alale mapema.

7. Mwenye mtoto mchanga, nyonyesha maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, halafu endelea huku ukimpa chakula cha nyongeza mpaka miaka 2 au zaidi.

Jambo la mwisho: usimnyime mtoto chakula eti apungue. Bado anakua. Mara nyingi, kama hajapitiliza sana, lengo ni uzito usimame ili urefu uufikie, na mtaalamu wa afya ndiye wa kukuongoza. Wala usimuite bonge. Nyumba nzima ibadilishe sahani, siyo yeye peke yake anayetazamwa mezani.

Yule mama alinipigia simu juzi kuhusu chanjo ya kuku. Mwishoni akasema, "Bwana shamba, yule bado mnene, lakini ndoo siku hizi analeta bila kukaa njiani." Na trei moja ya mayai kila wiki haiendi sokoni.

Basi kesho asubuhi, kabla pikipiki ya maziwa haijafika, chukua kikombe cha mtoto, mkingie kwanza yake uyachemshe.