Je, Wajua? Diski Iliyozidi Tani Moja

Je, wajua kwamba diski ngumu ya kwanza kuingizwa katika biashara, ambayo kampuni ya IBM iliidhihirisha kwa walimwengu mwezi wa Septemba 1956, ilizidi tani moja kwa uzani, na pamoja na ukubwa wake wote haikuweza kuhifadhi ila herufi milioni 5, yaani kadiri ya wimbo mmoja tu wa dakika nne katika simu za leo?

Ndani yake mlipangwa sahani 50 za alumini, kila moja yenye upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na mkono wenye vichwa viwili ukipanda na kushuka kuitafuta sahani iliyotakiwa, ilhali hewa iliyoshindiliwa ilipulizwa baina ya kichwa na sahani ili visikwaruzane.

Mtambo mzima wa kompyuta pamoja na diski hiyo, uliobuniwa San Jose, California, na kundi la mhandisi Reynold B. Johnson, ulikodishwa kwa ijara ya dola 3,200 kwa mwezi. Ama kadi za kumbukumbu za terabaiti 1 zilizotangazwa mwaka 2019, ambazo hazizidi ukucha wa kidole gumba, kila moja hubeba shehena ya diski zile zaidi ya 250,000.