Siri ya Mgonjwa Iliyo Mfukoni: Tahadhari Kabla ya Kusakinisha Programu za Simu

Katika Kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, fedha nyingi za kaya huja kwa msimu wa kahawa, lakini maradhi hayana msimu. Mtoto huweza kushikwa na homa wakati kahawa ingali mbichi mtini, na mjamzito akapewa rufaa siku ambayo nyumbani hamna hata nauli. Kwa miaka mingi pengo hilo limezibwa kwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, kwa bei ya kutupwa, ili kupata fedha za haraka. Wakulima wa Kyerwa na wa Karagwe, wilaya ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwayo mwaka 2012, wanaijua vyema hasara yake: shida ya siku moja hulipwa kwa mavuno ya mwaka mzima.

Siku hizi fedha za haraka hupatikana pia ndani ya simu janja, kupitia programu za mikopo. Nyingi haziulizi shamba wala kahawa. Dhamana yake ni kitu ambacho mkopaji aghalabu hakihesabu kuwa mali: orodha ya majina na namba zilizomo katika simu yake. Hapo ndipo suala la programu za simu linapogeuka kuwa suala la afya.

Maana ya neno “Ruhusu”

Programu mpya inapoanza kutumika, huomba ruhusa za kufikia sehemu mbalimbali za simu: orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha, kamera, kinasa sauti au mahali ulipo. Ruhusa si jambo baya kwa asili yake. Programu ya ramani haiwezi kufanya kazi bila kujua mahali ulipo, na programu ya kupiga picha huhitaji kamera. Swali la msingi ni moja: je, kazi inayofanywa na programu hii inahitaji kweli kitu inachokiomba? Tochi haina haja ya kusoma ujumbe wako, wala kalenda ya hedhi haina haja ya majina ya jamaa zako.

Ruhusa mbili zinastahili hadhari ya pekee. Ya kwanza ni ya kusoma ujumbe mfupi, kwa kuwa namba za uthibitisho za benki na za akaunti nyingine hupitia humo. Ya pili ni ile inayopatikana katika mipangilio ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Programu iliyopewa ruhusa hiyo huweza kusoma yote yanayoonekana kwenye kioo cha simu na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu.

Jina moja linapofichua ugonjwa

Chukua mfano wa mhudumu wa afya anayefuatilia wagonjwa kwa simu yake binafsi. Ili asichanganye majina, huhifadhi namba hivi: jina la mgonjwa, kisha “CTC”, jina la mwingine, kisha “TB mwezi wa pili”. Nia yake ni njema. Lakini siku atakaposakinisha programu ya mkopo na kuiruhusu isome orodha ya majina, atakuwa amekabidhi kwa watu asiowajua majina, namba na magonjwa ya watu waliomwamini. Marejesho yakichelewa, wadai wa programu zisizofuata sheria huwatumia watu waliomo katika orodha ujumbe wa kumfedhehesha mdaiwa, na hivyo mgonjwa ambaye hakukopa hata senti huingizwa katika aibu isiyo yake.

Sheria za nchi ziko wazi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya vipimo vya VVU yawe siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Siri hiyo haimaliziki kwenye jalada la kliniki. Jina lililohifadhiwa katika simu pamoja na ugonjwa nalo ni kumbukumbu ya mgonjwa. Ni salama zaidi kuhifadhi namba bila alama yoyote ya ugonjwa, na kuacha maelezo ya tiba yabaki katika rejesta na mifumo rasmi ya kituo.

Hatari hii si ya kufikirika. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo bila leseni. Katika nchi jirani ya Kenya, mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa matumizi mabaya ya taarifa za watu. Mwaka huohuo, Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake la Play kusoma majina na picha za watumiaji. Hata hivyo, katazo hilo haliigusi programu iliyopokewa kwa Bluetooth au kwa kiungo cha WhatsApp.

Programu inayodai kupima presha

Ipo hatari nyingine inayomhusu mgonjwa moja kwa moja. Baadhi ya programu hudai kupima shinikizo la damu kwa kidole kilichowekwa juu ya kamera. Kamera na mwanga wa simu huweza kukadiria mapigo ya moyo, kwa kuwa rangi ya ngozi hubadilika kidogo kila damu inapopita. Shinikizo la damu ni kipimo tofauti, na kidole juu ya kamera si mbadala wa kipimo chenye mkanda wa kujazwa hewa kinachofungwa mkononi.

Nchini Marekani, programu iliyoitwa Instant Blood Pressure iliuzwa zaidi ya nakala 100,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takribani watu 8 kati ya 10 waliokuwa na shinikizo la juu waliambiwa na programu hiyo kuwa shinikizo lao halikuwa la juu. Shinikizo la juu aghalabu haliumi, na anayefarijiwa kwa namba ya uongo huweza kuacha dawa hadi apate kiharusi. Kwa mjamzito, kuchelewa huko huweza kumaanisha kifafa cha mimba. Programu inayofaa ni ile inayokumbusha saa ya dawa au kuhifadhi vipimo vilivyochukuliwa kwa kifaa halisi.

Kabla ya kusakinisha

Hakuna muuguzi anayempa mgonjwa vidonge kutoka katika chupa isiyo na lebo. Programu nazo zikaguliwe kwa nidhamu hiyohiyo.

Kwanza, pakua kutoka duka rasmi la programu la simu yako. Kurushiana programu kwa Bluetooth huokoa kifurushi, lakini huipitisha bila ukaguzi wa duka. Mwaka 2022, wataalamu wa usalama wa kampuni ya Kaspersky walibaini kuwa toleo moja la YoWhatsApp, programu isiyo rasmi inayoiga WhatsApp, liliiba funguo za akaunti za watumiaji wake.

Pili, soma jina la mtengenezaji na maoni ya watumiaji, hasa ya wale wanaolalamika. Kwa programu ya mkopo, hakikisha mtoaji ana leseni ya Benki Kuu.

Tatu, kataa ruhusa isiyo na sababu. Programu ikigoma kufanya kazi kwa kukosa ruhusa hiyo, iondoe.

Nne, usiiandikie programu yoyote namba ya siri ya huduma ya fedha, isipokuwa programu rasmi ya mtoa huduma mwenyewe.

Ikiwa imekwisha kuingia

Fungua mipangilio ya simu, uondoe ruhusa, kisha uifute programu. Kufuta hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, wala hakufuti deni. Badilisha namba za siri, uwatahadharishe watu wako, na utunze ujumbe wa vitisho kama ushahidi. Namba za utapeli huripotiwa kwa 15040. Malalamiko ya taarifa kutumiwa vibaya hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na vitisho huripotiwa polisi.

Na kabla ya mkopo wenyewe, mgonjwa aulize kituoni. Sera ya nchi imeweka msamaha wa gharama kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo; dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bure. Mhudumu anayemweleza mgonjwa haki hiyo mapema huenda akamwepusha na butura ya shambani na ya simuni pia.