Kuwasha Gari Toka Chumbani

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako theluji huganda juu ya vioo, wako wenye pikapu wanaofunga wenyewe kiwashio cha mbali, ili injini ipate joto kabla ya safari. Kazi hiyo yawezekana nyumbani, lakini haitaki pupa.

Kwanza nyaya za swichi ya ufunguo hutambuliwa mmoja mmoja kwa mita ya umeme, wala si kwa kukisia rangi. Ndipo waya hasi wa betri hufunguliwa, na kuunganisha kukaanza. Swichi ya boneti nayo haiachwi: ndiyo inayozuia injini kuwaka mikono ya fundi ingali ndani.

Hatari kubwa ni mbili. Pikapu ya gia za mkono iliyoachwa ndani ya gia huruka mara stata inapozunguka, na aliye mbele yake aweza kuwa mtoto. Tena, injini inayonguruma ndani ya banda hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hupenya vyumbani na kuua waliolala.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kubonyeza kitufe jiulize: gari limelala wapi, na nani amesimama mbele yake?